UZI: Mwani unaooza bichi ya Nyali ni wetu, mgeni mwenyewe haji hivyo

Mkwangua_Boti

Salaam alekum wana Mombasa. Tangu upepo wa kusi uanze kuna video yazunguka kwa magrupu ya WhatsApp, jamaa atembea bichi ya Nyali mwani umemfika magotini, asema ati ni mwani wa kigeni umeletwa na meli za Wachina na utamaliza samaki mpaka Malindi. Nshatumiwa na watu wengi manake wajua kazi yangu ni kuzamia, nakwangua matumbo ya boti pale kriki ya Mtwapa, basi kila kitu cha bahari naulizwa mimi. Nikaona badala ya kujibu mmoja mmoja nifungue uzi.

Huo wa kwenye video ni wetu. Kama huamini shuka pwani maji yakipwa, okota shungi moja ulioshe mchanga: chini kuna kijiti kigumu cha rangi ya kahawia, juu majani marefu yametoka pamoja kwenye ncha. Hizo ni nyasi za bahari, zina mizizi kabisa na zatoa maua, zimejaa humu ndani kati ya pwani na mwamba. Kusi ikichacha mawimbi yazing'oa yazitupa nje, kila mwaka, tangu hakuna hoteli hata moja pale. Mwani wenyewe umechanganyika kidogo tu, ule wa vijipovu na mwingine mwingine. Wanuka, ndio, mayai viza kabisa, ni gesi ya kuoza hiyo. Lakini lile rundo ndo lashika mchanga usiliwe na maji, na kaa na ndege wapata riziki humo. Hoteli zinazoleta trekta kila asubuhi kukomba kila kitu na mchanga wake, halafu zalia bichi yapungua, mie huzicheka.

Sasa msije mkasema nimesema mwani mgeni ni hadithi. Upo na ukiingia ni balaa, ila mwanzo wake hata hauonekani. Sikilizeni kisa cha Monaco, kile kinchi kidogo pwani ya Ufaransa.

Mwaka 1984, chini ya jumba la makumbusho ya bahari la Monaco, yaani chini ya madirisha yake, kulionekana kiraka cha mwani wa kijani kinachong'aa, kama mita moja ya mraba. Caulerpa taxifolia. Asili yake ni bahari za joto, na hata kwetu hapa jamii yake ipo tele na haisumbui mtu. Lakini huu ulikua wa kwenye matangi ya samaki wa mapambo, ulilelewa Stuttgart huko Ujerumani, watu wakapeana kwa vile ni mzuri na hauna taabu, mpaka ukawa hausikii baridi. Profesa mmoja wa Nice, Ufaransa, Alexandre Meinesz, akapiga kelele. Wakubwa wakabisha: hautoki kwa tangi, umekuja wenyewe na mikondo, na hauna madhara. Wanabishana hivo 1989 ushafika kama hekta moja. Baadae mambo ya DNA yakaonyesha ni ule ule wa kwenye matangi lakini mwani haukungoja matokeo, kufika 2000 sehemu zilizoguswa zilihesabiwa kama kilomita 131 za mraba, nchi sita, Ufaransa, Monaco, Italia, Uhispania, Kroatia mpaka Tunisia.

Na waenea vipi? Ule mmea wote, hata ukiwa mrefu kukushinda, ni seli moja. Ukikatika kipande cha sentimita moja chaanza maisha upya. Nanga ikiburura, jarife likikwama, umeusafirisha. Ndani una sumu, samaki wengi wauonja wauacha. Basi walala juu ya zile nyasi za bahari za kule mpaka zakosa jua.

Mwaka ule ule wa 2000, mwezi wa 6, mwani huo huo ukaonekana kwenye ziwa la maji chumvi hapo Carlsbad, California. Wale hawakubishana, ndani ya wiki chache washafunika kila kiraka kwa maturubai, pembeni wametia mifuko ya mchanga, ndani wamemwaga klorini. Wamezamia kukagua miaka, 2006 wakatangaza umeisha. Kama dola milioni 7. Nyingi, lakini wamemalizana nao.

Nna boti yaningoja hapa, ntarudi.

Binti_Frere

Mimi nna kibanda cha madafu na mabuyu, ile harufu yanifukuzia wateja. Watalii wapiga picha wamefunika pua. Sawa ni wetu lakini si utolewe hata kidogo jamani

Mkwangua_Boti

@Binti_Frere utolewe mbele ya biashara kwa mikono na reki, mchanga ukung'utwe ubaki. Trekta hapana.

KijanaWaTudor

Kwa hivo ni kweli waja na meli. Nyie mwatupinga bure tu, ile video iko sawa

Baharia_Kibokoni

Wewe kijana soma vizuri. Huo wa Monaco ulitoka kwa tangi la samaki, meli imeingiaje hapo.

Lakini ntakupa wa meli maana nimeuona kwa macho haya. Nimekaa melini miaka mingi kabla sijashuka, njia ya Gibraltar naijua, ule mlango wa bahari kati ya Uhispania na Moroko. Upande ule wa Tarifa, Algeciras, na ng'ambo Tanja na Ceuta, kuna mwani wa kahawia umeingia, jina lake refu, Rugulopteryx okamurae. Kwao ni Japani na Korea na pande hizo. Ulionekana kwanza Ufaransa 2002, kwenye ziwa la Thau wanalofugia chaza, na hapo wasema ulikuja na chaza wa kutoka Japani. Ukatulia. Halafu 2015 ukatokea Ceuta, mwaka ule peke yake walizoa pwani tani 5,000 na zaidi. Washuku maji ya balasti, yale ya bahari meli tupu inayobeba matangini, kwa vile pale ni njia panda ya dunia nzima.

Nanga yetu ikiinuliwa pale yaja imevaa. Majani membamba, laini, yamegawanyika mawili mawili kwenye ncha, rangi ya zaituni, na yana harufu kali hata hayajaoza. Tukiwaangalia wavuvi wa Tarifa wavuta nyavu, wewe, utadhani wamejaza. Nyavu nzito, kamba zalia. Juu yaja mwani mtupu, samaki wawili watatu. Halafu kazi ya kuutoa kwenye matundu mmoja mmoja, siku imekwisha, mafuta ya injini yamechomwa. Wengine walihama kabisa sehemu walizovua baba zao.

Dema_na_Mshipi

Subhanallah. Na chini kwenyewe kukoje

Baharia_Kibokoni

Mie si mzamiaji, muulize mwenye uzi.

Mkwangua_Boti

Nimerudi. Shukran ami, hapo umenipunguzia kazi.

Chini ni zulia. Kuna sehemu pale mlango wa Gibraltar kwenye mawe yanayopata jua umefunika karibu kila kitu, mwani wa kienyeji umekosa pa kushika, na ule mti wa bahari jamii ya matumbawe laini wafunikwa wafa. Nao una kemikali zake, walaji wengi hawautaki. Na wazaliana bila dume wala jike, kipande kikikatika kimekua mmea, na ile inayong'oka yaelea na mkondo mpaka kwingine, ikifika yaota. Ndo maana sai ushafika visiwa vya Azores na Madeira katikati ya bahari. Ulaya wameutia kwenye orodha yao ya viumbe wavamizi 2022, lakini pale mlango wa bahari hakuna anayezungumza kuutoa tena, wazungumza kuzoa na kutafuta wa kuufanya mbolea.

Hapo ndo nataka tuelewane. Kiraka cha mita moja mwatoa. Kilomita mia hamtoi, mwaishi nayo.

KijanaWaTudor

Sasa si bandarini Kilindini meli zaingia kila siku. Tumekwisha

Baharia_Kibokoni

Polepole. Fikiria balasti ni nini. Meli ikiwa tupu yabeba maji ya bahari kwa matangi yake isipinduke. Yanyonya pale inaposhusha mzigo, yamwaga pale inapopakia. Sasa Mombasa sisi twashusha kuliko tunavyopakia, ngano, chuma, klinka ya simiti, magari. Meli nyingi zaja nzito zaondoka nyepesi. Maana yake twawapa wenzetu maji yetu kuliko wanavyotupa yao. Ya kuangaliwa ni ile inayokuja tupu kupakia, mfano ile ya magadi, na zamani zile za madini ya Kwale pale Likoni kabla mgodi haujafungwa. Hizo ndo zaja na maji ya watu.

Na kuna mkataba wa dunia kuhusu balasti, uliandikwa 2004 ukaanza kazi Septemba 2017. Mwanzo meli ilikua yaruhusiwa kubadilisha maji huko nje bahari kuu, maili 200 kutoka nchi kavu, kina cha mita 200. Sai, tangu Septemba 2024, meli zinazofungwa na mkataba zatakiwa ziwe na mtambo wa kusafisha maji kabla ya kumwaga. Mtambo wenyewe nimeufanyia kazi, chujio na taa za kuua vijidudu. Maji yakiwa na tope chujio laziba, injinia atukana, kazi yachelewa. Kapteni mwenye haraka na daftari lake mwenyewe, haya, jazeni wenyewe.

Mkwangua_Boti

Ami na usisahau nje ya meli. Balasti yasafishwa, tumbo je? Hapa Mtwapa nakwangua yoti zinazovuka bahari nzima. Iliyokaa muda bila rangi ya kuzuia viumbe utakuta chini kuna shamba: vile vigamba vinavyokata mikono, chaza wadogo, sponji, na mwani mrefu wa kijani kwenye mstari wa maji ambapo jua lapata. Na sehemu mbaya ni zile zilizojificha, tundu la kuingiza maji, nyuma ya usukani, kwenye ekseli ya propela. Mwenye boti ataka iende mbio, hajali kile ninachokwangua chaenda wapi. Chaenda chini pale pale krikini. Mie sai boti ikiwa imetoka mbali nakataa kuikwangua ndani ya maji, naambia ipandishwe juu, takataka zikusanywe zikauke juani. Wateja wengine wameniacha kwa sababu hiyo na wapo wa kuwafanyia. Huko hakuna mtu anakagua.

Mama_wa_Kibuyuni

Jamani mie nawasoma kimya toka mwanzo. Sisi huku Kwale twalima mwani, Kibuyuni, Mkwiro, Gazi, na mbegu ya kwanza haikutoka hapa. Mwasema mwani wa kigeni ni balaa, sasa sisi ni balaa? Mwani huu umenisomeshea watoto. Na kama ni mvamizi basi ni mvamizi gani asiyejiweza, aina ya kotonii ikipata joto yageuka nyeupe yakatika kwenye kamba, twaokota vipande. Ile aina nyingine, spinosamu, ndo yavumilia lakini bei yake duni, mwaijua wenyewe

Mkwangua_Boti

Mamangu tulia, hakuna aliyekutaja. Lakini umeleta jambo kubwa kwa hivo nakujibu kwa urefu.

Hiyo kotonii ni Kappaphycus. Kwa wasiojua, yafungwa kwa vikamba vya taitai kwenye kamba, kamba yafungwa kwenye vigingi, maji yakipwa kina mama washuka kuvuna. Yakaushwa yauzwa nje kutoa ile kitu ya kugandisha aiskrimu na dawa ya meno. Zanzibar walianza 1989 kwa mbegu ya Ufilipino.

Sasa mbegu hizo hizo za jamii ya kotonii zilipelekwa Hawaii miaka ya 70, ghuba ya Kaneohe, kwa utafiti. Walidhani haziwezi kuvuka maji ya kina kati ya mwamba na mwamba. Zikavuka. Zikapanda juu ya matumbawe, ule mwani ni mzito, minofu minofu, wayafunika yakafa kwa kukosa jua. Wakatengeneza jahazi lenye pampu, wazamiaji wang'oa kwa mkono wanalisha bomba, yanyonywa mpaka juu. Lakini ukiacha kijipande kwenye ufa wa tumbawe chaota tena, ndo wakaja na akili ya pili, kulea wale wanyama wa miba mifupi, Tripneustes gratilla, huyu huyu aliye kwetu tunamkanyaga, na kuwaachia kwenye miamba kwa malaki wawe wachungaji. Hapo ndo kukawa na nafuu.

India nako, ghuba ya Mannar, ile ya kulimwa 2008 iliripotiwa imepanda matumbawe kisiwa cha Kurusadai.

Na Zanzibar watafiti wamekuta aina za Asia zaota zenyewe nje ya mashamba. Lakini sijasikia mahali huku kwetu imefunika mwamba mzima kama Hawaii. Mbegu ni zile zile. Kwa nini?

Dema_na_Mshipi

Hilo hata mie najua bila digrii. TASI.

Mama_wa_Kibuyuni

😂😂 Tasi wametutia umaskini. Waja kundi zima walamba kamba mpaka ibaki uzi. Na pono.

Dema_na_Mshipi

Ndo nasema. Sisi wavuvi wa dema, ule mtego wa kufuma, twachuma mwani pale pale mwambani twautia ndani ya dema uwe chambo cha tasi. Samaki huyo mwani ndo ugali wake. Sasa mwani wa kotonii ukitoroka shambani wenda kuota wapi, tasi wamekaa wangoja.

Mkwangua_Boti

Umemaliza ndugu yangu. Kwa hivo mlinzi wetu wa kwanza si sheria wala mtambo, ni tasi na pono. Na sai tasi wa humu ndani wakoje?

Dema_na_Mshipi

Wadogo. Kidole gumba. Watu watia juya lenye macho madogo, lishapigwa marufuku lakini alfajiri utalikuta limezungushwa, linaburura nyasi, mazalia, kila kitu. Dema langu mie nimelifuma matundu makubwa, nawaangalia tu wanavyomaliza.

KijanaWaTudor

Basi si tulee hao wa miba kama Hawaii tuwamwage kila mahali, kazi kwisha

Mkwangua_Boti

Hapana, na hapa ndo watu wapotea. Huyo wa miba kwetu ashazidi sehemu nyingine. Diani kule walikua wengi mpaka wakala nyasi za bahari, zile zile zinazong'oka zaja Nyali, pakabaki mchanga mweupe. Sababu ni samaki aitwaye kikande. Kikande ndo anayemgeuza mwenye miba akamla kwa tumbo, tukavua kikande, miba ikajaa, nyasi zikaliwa. Sehemu zisizovuliwa kama ndani ya hifadhi ya Mombasa kikande wapo na wa miba wachache. Kwa hivo ukimwaga wa miba hapa bila kikande umeongeza ugonjwa juu ya ugonjwa. Na chini pakishabaki wazi, huo mwani wowote mgeni utakaofika umepata kiwanja kitupu.

Hapo ndo nikasema video ile yaniudhi. Yule jamaa apiga picha nyasi zilizokufa zimetupwa nje, kumbe habari ni zile zilizobaki ndani. Nyasi nyingi nje maana yake ndani bado kuna shamba. Siku kusi ije na bichi iwe safi kabisa mie ntaogopa.

Binti_Frere

Ok umenishinda, basi ntavumilia harufu 😅 lakini reki nakuja kuazima kwako

Baharia_Kibokoni

Nauliza, huo wa Monaco mpaka leo umekua vipi?

Mkwangua_Boti

Cha kushangaza ami, baada ya hapo ulianza kupungua wenyewe sehemu nyingi za Ufaransa, viraka vikafa. Kwa hivo wapo wanaosema makelele yalizidi. Mie sikubali. Wakati huo ndugu yake, Caulerpa cylindracea ya Australia, alionekana Libya 1990 akaenda kote Mediterania kuliko hata yeye. Na nyuzilandi 2021 wamekuta caulerpa nyingine kisiwa cha Aotea, wakaambiwa wasitie nanga wala wasivue sehemu hizo. Ukisubiri upungue wenyewe wacheza kamari na bahari ya watu.

Chale_wa_Bamburi

Samahani nimechelewa. Mie nafuga samaki wa mapambo wa maji chumvi, nna tangi kubwa. Mwani wa kijani nnao humo, nlipewa na mtu wa Nairobi, wakua haraka sana kila mwezi napunguza namwaga mfereji wa mvua pale nje. Kuna shida?

Mkwangua_Boti

Mfereji huo waenda wapi?

Chale_wa_Bamburi

Baharini nadhani

Mkwangua_Boti

Usimwage tena wallahi. Hata kama ni jamii yetu, huo wa tangi hujui umepitia wapi. California waliupiga marufuku kuuza na kufuga, na bado 2021 wakakuta aina nyingine ya caulerpa Newport Bay, na washuku matangi tena. Ukipunguza tia kwa mfuko, weka friza usiku mzima ama uanike juani mpaka uwe mkavu wavunjika, ndo utupe na taka za nyumbani. Maji ya tangi mwaga chooni, yasiende mferejini. Na nitumie picha inbox, moja ya karibu na sarafu pembeni nione ukubwa wa jani, na moja ya shina lake. Kesho nna rafiki wa KMFRI, ile taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi pale Mkomani, namuonyesha.

Chale_wa_Bamburi

Sawa. Picha natuma sai. Na ule nlioshamwaga?

Mkwangua_Boti

Mfereji watokea bichi gani? Nitumie na pini. Jumamosi maji ya bamvua yakipwa naingia na mask kuangalia pale mdomoni. Dema_na_Mshipi uko Bamburi, waja?

Dema_na_Mshipi

Naja. Saa ngapi yapwa?

Mkwangua_Boti

Saa nne asubuhi hivi. Mkiona kitu cha kijani msikivute kikakatika, wekeni alama mniite.